Mtoe bibi harusi ukutani

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimenunua lenzi ya mtumba ya milimita 55 hadi 250, nikitaka nyuma ya picha pafifie kama kwa wapiga picha wa harusi. Jumamosi nilimpiga dada yangu, bibi harusi, mbele ya ukuta wa Fort Jesus, na kila jiwe laonekana. Rafiki yangu asema nitumie programu ya simu kufifisha. Je, nimeuziwa lenzi mbovu? Nakutumia picha mbili; ya pili nimeipitisha kwenye programu hiyo.
Msomaji, Likoni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Lenzi yako nzima kabisa. Tatizo ni kwamba dada yako amesimama mita moja tu kutoka ukutani.

Chukua milimita za lenzi, gawa kwa namba ya f (ile unayoichagua kwenye kamera, kama f/5.6), utapata upana wa tundu linalopitisha mwanga ndani ya lenzi. 250 kwa f/5.6 ni karibu milimita 45. Ukiirudisha lenzi hiyo hadi 55, kwa f/5.6 ileile, tundu ni milimita 10 tu. Upana huo ndio mtaji wako wa ukungu. Taa iliyo mbali sana nyuma ya dada yako itageuka duara ambalo, ukilipima usoni pake, lina milimita 45: ukubwa wa kutosha kuziba jicho na nyusi zake.

Hiyo ni kwa kitu cha mbali. Wewe ulisimama mita 6 kutoka kwake, ukuta ukawa mita 7. Mita 1 iliyo kati yake na ukuta ni moja ya saba ya hizo 7, basi umepata sehemu moja ya saba ya mtaji wako, kama milimita 6. Matundu ya yale mawe ya matumbawe ni makubwa kuliko hapo, ndiyo maana umeyaona yote.

Mpeleke Mama Ngina, pale kando ya bahari Mombasa, saa kumi na moja jioni. Mibuyu iwe mita 30 nyuma yake, wewe ubaki kwenye mita 6 zako, lenzi 250, f/5.6. Hapo ni 30 kwa 36 za mtaji, na duara litafika milimita 37. Kasi ya shata, yaani mlango wa mwanga wa kamera, isipungue 1/500 ya sekunde, maana lenzi ndefu hutikisika na upepo wa bahari haumwachi mtu na mtandio wake. Kabla hujabonyeza, tazama kilicho nyuma. Lenzi ndefu huchukua kipande chembamba cha nyuma, kwa hiyo hatua moja kushoto yatosha kuondoa tuktuk na kuleta maji. Uepuke majani yanayopenyezwa na jua; yakififia huwa madoadoa yanayosumbua macho.

Programu ya simu, naomba uiache. Katika picha yako ya pili nimezitazama zile asumini nyweleni: vikonyo vitatu vimefutwa, na sikio limezungukwa na utepe mweupe. Dada yako alikaa kitako asukwe zile asumini. Lenzi haikati kwa mkasi. Bega la nyuma hulainika kidogo, sakafu hulainika zaidi, hadi mbali kabisa.

Jambo moja ukipiga watu wawili: kwa vipimo hivyo, panapotoka wazi ni kama sentimita 12 tu kutoka mbele hadi nyuma. Wapange vichwa mstari mmoja. Miaka yangu ya mwanzo nilimpiga bibi harusi na mamake kwa lenzi ya 200, f/2.8, mita 3. Mama alikuwa nyuma ya bega la binti. Kope za binti zahesabika. Mama, aliyekuwa akilia, ni kivuli.