Kipandikizi cha titi kikishindikana, titi bado linaweza kujengwa

Inawezekana, dada, kujengewa tena titi lililoondolewa kwa saratani, hata kama kipandikizi (mfuko wa bandia unaowekwa kifuani) kilitolewa kwa sababu ya maambukizi au kukakamaa. Njia inayopendekezwa sana, hasa kwa aliyepigwa mionzi, ni kutumia nyama ya mwili wako mwenyewe: ngozi na mafuta ya chini ya kitovu yanahamishiwa kifuani, na mishipa yake ya damu inaunganishwa na ya kifuani chini ya hadubini. Upasuaji huo unaitwa DIEP, na hauchukui msuli wa tumbo, tofauti na upasuaji wa zamani uitwao TRAM. Ngozi iliyopigwa mionzi hupata damu kidogo na hupona kwa shida, lakini nyama hii inakuja na mishipa yake. Mtu mwembamba huchukuliwa ya paja, au msuli wa mgongoni, ingawa huo wa mgongoni mara nyingi bado huhitaji kipandikizi ndani. Kama kulikuwa na usaha, subiri kifua kipone kabisa, kwa kawaida miezi kadhaa. Sigara iache mapema, inaweza kuua nyama iliyohamishwa. Na ukiamua kubaki na kifua bapa kilichoshonwa vizuri, hiyo nayo ni njia kamili, asikusukume mtu.