Wifi, kuhusu kuja kujifungulia Marekani

Wifi yangu wa Mbagala, umeuliza kwenye kundi la familia kama uje ujifungulie huku Chicago, maana "huko watoto hawafi". Shangazi naye kakuunga mkono. Nawajibu wote.

Vifaa vipo, sikatai; njiti wa chini ya kilo moja anaokolewa. Lakini mwaka 2022, katika kila watoto 1,000 wa kina mama Weusi waliozaliwa hai Marekani, karibu 11 walifariki kabla ya kutimiza mwaka. Kwa Wazungu ni kama 4 na nusu. Nchi moja, mashine zilezile.

Shida huanza kabla mama hajafika leba. Mnaijua Dar ya mkoloni: Uzunguni, Uhindini, na Mwafrika kasukumiwa Kariakoo. Huku, miaka ya 1930, ramani za serikali zilipaka mitaa ya Weusi rangi nyekundu, benki zikaikwepa kwa mikopo ya nyumba. Sheria ikapiga marufuku ubaguzi huo 1968, ila mitaa mingi haijainuka mpaka leo: moshi wa malori, mabomba ya maji ya madini ya risasi, mboga mbichi za kufuata mbali, wodi za wazazi zilizofungwa. Mjamzito anavuta moshi huo miezi tisa huku akiwaza kodi na usalama wa watoto wake. Presha inapanda, uchungu unamjia kabla ya wakati. Na moshi si jambo dogo: New Jersey na Pennsylvania walipoanza kulipisha magari barabarani kwa kielektroniki, foleni kwenye vituo vya kulipia zikapungua sana, na njiti wakapungua kwa kama asilimia 10 kwa kina mama wanaoishi jirani na vituo hivyo.

Linaloniumiza zaidi ni hili. Utafiti wa hapa Illinois, jimbo lenye Chicago, 1997, ulikuta watoto wa kina mama waliozaliwa Afrika wana uzito unaokaribia ule wa watoto wa Wazungu, kuliko wa Wamarekani Weusi. Wa 2002 ukakuta wahamiaji Weusi wanapozaa mabinti huku, mabinti hao nao huzaa watoto wenye uzito mdogo kuliko wao walivyozaliwa. Damu ni ileile, jamani! Kilichobadilika ni maisha. Na mimi binti yangu kazaliwa huku.

Kwa hiyo wifi, kama kliniki wanasema mimba inakwenda vizuri, jifungulie huko, mama yupo wa kukukanda. Ukiamua kuja nitakupokea kwa moyo wote, ila tutatafuta kwanza nyumba iliyo mbali na barabara kuu, na mkunga ambaye ukimwambia kichwa kinauma atakupima presha saa hiyohiyo.