Kabla Hujainunulia Kompyuta ya Zamani SSD na RAM

Kompyuta inayochukua dakika tano kuwaka si lazima iwe imechoka yote. Mara nyingi kuna kifaa kimoja tu kinachovichelewesha vingine, na hicho ndicho cha kutafuta kabla hujatoa hela.

Iwashe, ufungue vitu unavyotumia kila siku: Chrome yenye kurasa sita, Word, WhatsApp. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke, uingie sehemu ya Performance, uendelee na kazi zako kwa dakika kumi huku ukiitazama. Diski ikiganda kwenye asilimia 100 huku prosesa ikiwa chini ya 30, tatizo ni diski. Memory ikivuka asilimia 85, RAM (kumbukumbu ya muda inayoshika kazi zilizofunguliwa) haitoshi, na hapo utaona diski nayo inapanda, kwa sababu RAM inapojaa Windows huhamishia mzigo kwenye diski. Wengi hununua SSD, yaani diski isiyozunguka, peke yake katika hali hii na kubaki na nusu ya tatizo.

Prosesa ndiyo iliyojaa wakati vingine vimetulia? Sikiliza feni na uguse sehemu inayotolea hewa. Vumbi, pamoja na dawa ya kupitishia joto iliyokauka juu ya prosesa, huifanya ijipunguzie kasi yenyewe ili isiungue. Kuisafisha na kupaka dawa mpya ni kazi ya saa moja kwa fundi. Lakini kama ni safi, haichemki, na bado imejaa, hakuna cha kununua. Prosesa za kompyuta mpakato zenye herufi U mwishoni mwa namba, kama i5-4300U, zimechomelewa kwenye madabodi (bodi kuu), hivyo hazibadilishwi.

Kwenye diski ndiko hela ndogo inakoleta mabadiliko makubwa. Diski ya kuzunguka ina kichwa kinachosafiri kutoka faili hadi faili, na kwa mafaili madogo yaliyotawanyika huhimili maombi kama mia moja tu kwa sekunde. Windows ikiwaka huomba maelfu. SSD haina kinachozunguka, hivyo inayajibu maombi hayo kwa wingi kwa wakati mmoja. Ndiyo maana hata mashine yenye SATA (njia ya kuunganishia diski) ya zamani, isiyovuka megabaiti 300 kwa sekunde, hubadilika kabisa. Chukua ya inchi 2.5 yenye unene wa milimita 7. GB 256 zinatosha kwa kazi za ofisi. Kabla ya kuhamisha, pima diski ya zamani kwa programu ya CrystalDiskInfo. Ikikuandikia Caution (tahadhari), nakili nyaraka zako kwanza kwenye flashi, kisha sakinisha Windows upya. Ukijaribu kuhamisha diski nzima iliyoanza kufa, kazi itakwama katikati, au utabeba Windows mbovu hadi kwenye SSD mpya. SSD nayo ijaribu siku hiyohiyo kwa programu ya H2testw, inayoijaza yote kisha kuisoma tena. Ya bandia, inayojidai ina GB nyingi kuliko ilizo nazo, hushindwa hapo.

Kwa RAM lenga GB 8. Task Manager inaonyesha chini ya Memory nafasi ngapi zimetumika, lakini hesabu hiyo haitoshi: ThinkPad T440, kwa mfano, ina RAM iliyochomelewa na nafasi moja tu ya kuongezea. Kosa linalogharimu watu zaidi ni la volti. Kompyuta mpakato za kizazi cha 4 cha Intel (namba ya prosesa huanza na 4, kama i5-4300U) zinataka RAM aina ya DDR3L ya volti 1.35, ambayo lebo yake inaanza na PC3L. Ukichomeka PC3 isiyo na L, ya volti 1.5, skrini inabaki nyeusi, na mtu anadhani madabodi imekufa. Nunua DDR3L iliyotumika, si mpya, maana haitaingia kwenye mashine yako ijayo ya DDR4. SSD ni tofauti: hata kompyuta ikifa, utaiweka kwenye kasha la USB na kuendelea kuitumia.

Halafu kuna mpaka ambao SSD na RAM haziuvuki. Windows 10 iliisha muda wake wa kawaida wa kupata masasisho tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa upande wa Intel Windows 11 inataka kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na TPM 2.0 (kichipu cha usalama). Kwa mashine zilizojaa Kariakoo na Luthuli, maana yake ni kwamba EliteBook 840 G3 na ThinkPad T460 ziko nje. 840 G5 na T480 zenye prosesa ya kizazi cha 8 ziko ndani. Tofauti si ya makaratasi tu: i5-7200U ina viini viwili, i5-8250U ina vinne. Iliyo nje ya mpaka inafaa kuongezewa ikiwa utaiwekea Linux Mint, mfumo unaochukua nafasi ya Windows. Ijaribu kwanza kutoka kwenye flashi bila kusakinisha, uhakikishe Wi-Fi, sauti na printa vinafanya kazi. Anayetegemea programu za uhasibu kama Tally au QuickBooks ya Windows asipoteze muda huko.

Jumlisha SSD, RAM, betri, chaja na ufundi. Ikizidi theluthi ya bei ya mashine ya kizazi cha 8 katika soko lako, acha. Betri iliyovimba isichajiwe tena hata kwa siku moja; itolewe. Saa ikirudi nyuma kila ukizima, na tovuti zikigoma kufunguka, hapo mara nyingi kinachotakiwa ni kibetri cha madabodi, CR2032 kwenye mashine nyingi.

Mwisho, ingia kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) kabla ya kwenda dukani, kwa kubonyeza kitufe hiki mara tu unapoiwasha: F10 kwa HP za ofisini, F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell. Mashine nyingi za mtumba zilitoka kwenye kampuni zilizozifunga kwa neno la siri. Ikikudai neno usilolijua na kompyuta haiwezi kuwaka kupitia flashi, mrudie aliyekuuzia kwanza.