Parfe ya sukari: usinunue mbele ya masaa tatu

Ile siku tulikuwa ndani ya boti, tunatoka Bukavu tunaenda Goma, asubuhi mapema, madirisha yote yamefungwa juu ya baridi, na mi nilikuwa na parfe yangu mpya ya karameli nimejipuliza mara saba ao nane, shingo, nywele, kitenge, ata kwenye fulari. Mama mwenye alikuwa pembeni yangu alikuwa na mimba. Hatujapita ata Idjwi akaanza kutapika. Alipomaliza akanishika mkono, akaniambia pole pole bila hasira, "Mwanangu, parfe yako ni nzuri, lakini humu hatuna fasi ya kuikimbia." Nilisikia haya mpaka machozi. Na tangu siku ile nilianza kujifunza hii mambo ya marashi vizuri, kwa sababu sikutaka kuacha harufu tamu, nazipenda tangu utoto, lakini sikutaka tena mtu augue juu yangu.

Wengi watakuambia parfe tamu zote ni nzito, vaa tu limau, vaa kolonye. Mi nakataa. Utamu hauna kosa. Angalia vanila yenyewe, ile wanalima ndugu zetu wa upande wa Beni: ganda likiwa bichi halinukii karibu kitu, linakaa kwenye mmea kama miezi tisa, kisha linatiwa maji ya moto, linaanikwa jua, linafunikwa ili litoe jasho, linakaushwa miezi, njo ile harufu inatoka, na inatoka laini. Chenye kinashikaka kichwa mara mingi ni ile sukari ya kuungua, karameli na bonbo, yenye inatoka kwenye dawa moja ya maabara inaitwa etili maltoli. Parfe yenye ilifanya dunia ipende ile harufu ni Angel ya Thierry Mugler, ilitoka mwaka 1992, na ata yenyewe hawakumwaga sukari peke yake, walitia pachuli mingi, ile harufu ya majani na udongo, ili sukari ipate kitu cha kuishika chini. Kwa hiyo mi nikinusa parfe tamu najiuliza swali moja: ndani yake kuna nini kingine? Kama kuna peya, ua la muchungwa, irisi, miski, mbao kidogo, basi utamu unapata hewa. Lakini kama kwenye karto wameandika pralini, karameli, tonka na amba, vitu vitamu na vizito vyote pamoja, hiyo ni ya sherehe usiku, si ya kupanda nayo taksi watu wanne nyuma.

Sasa kununua. Hapa njo tunapotezaka pesa. Unafika soko la Nyawera ao la Kadutu, muuzaji anakupulizia, unanusa palepale, oo iko nzuri, unatoa dola. Lakini chenye umenusa ni mwanzo tu, ile harufu ya kwanza inaishaka mu dakika 15 mpaka 30, kisha inakuja ile ya katikati, na mwisho njo ile ya chini, vanila, miski, mbao, yenye utalala nayo. Mi nafanya hivi: namwambia mama muuzaji kwa heshima, "Mama, nipulizie ku mkono moja tu, nitarudia," naenda zangu. Na Bukavu yetu inasaidia, juu huku kila fasi ni mlima, ukipanda kutoka chini mpaka juu kwa miguu damu inapata moto, jasho linatoka, na ngozi ikiwa na moto parfe inaruka zaidi. Kama kisha masaa tatu na mlima mmoja bado unapenda kunusa mkono wako, rudia ununue. Kama imegeuka ikakuwa kama sukari imeshikamana ku sufuria, umeokoa pesa yako. Usijaribu zaidi ya mbili siku moja, moja kila mkono, pua inachoka haraka.

Tena soma chini ya jina. Eau de toilette iko na mafuta ya harufu kama 5 mpaka 15 kwa mia, eau de parfum kama 15 mpaka 20, extrait inapita hapo. Usifikiri yenye mafuta mingi njo inapiga kelele zaidi, kuna extrait zenye zinakaa karibu na ngozi kabisa, na kuna toilette zenye zinaingia nyumbani mbele yako. Zile za Dubai zenye zimejaa siku hizi, mi nazipenda, bei inafaa. Yara ya kampuni Lattafa ina utamu wa poda, mara moja tu inatosha kwenda nayo kazini. Khamrah yao, yenye tende na mdalasini, naivaa kwenye harusi usiku, mchana hapana. Na jihadharini na za bandia, yaya, niliuziwa moja, harufu ikaisha kabla sijafika nyumbani, ikabaki alkoli na upele shingoni wiki nzima. Sasa naangalia namba yenye iko chini ya chupa, lazima ifanane na ile ya karto, na mipulizo ile ya kwanza napulizia ku karatasi.

Kuvaa nako ni kazi. Nikitoka kuoga napaka mafuta yenye haina harufu, ata vazeline ya kawaida, juu ngozi kavu inameza parfe na unajikuta unaongeza. Kisha mara mbili basi. Moja kifuani, chini ya bluzi, ingine nyuma ya shingo ao nyuma ya magoti. Ukiiweka chini ya nguo inapanda pole pole na joto lako, mtu anaipata wakati anakukumbatia, si wakati uko bado kwenye kona ya barabara. Usisugue mikono, ile harufu ya kwanza inakimbia bure. Fanya hayo kama dakika 20 kabla ya kutoka, ule ukali wa alkoli uishie nyumbani. Na usipulizie shingo wazi kisha ukatembea jua kali, parfe zingine zina mafuta ya bergamoti yenye inaweza kuacha madoa meusi yenye hayatoki haraka.

Kitu chenye kinawapoteza wengi ni hiki: kisha muda kidogo wewe mwenyewe hausikii tena parfe yako. Unafikiri imeisha. Haijaisha, pua yako njo imezoea, wenzako bado wanaisikia vizuri sana. Pale buroni, kazini, nilikuwa naongeza saa sita, tena saa tisa, na hakuna mtu aliniambia kitu, watu wana aibu. Sasa kabla ya kuongeza nauliza mtu mwenye ametoka inje, mdogo wangu ao mtoto, watoto hawafichi. Akisema bado ninanukia, naacha chupa.

Kuna siku zingine naacha kabisa. Nikienda kutembelea mgonjwa hospitali, hapana. Kwenye kilio, hapana, unakumbatia watu wenye hawajalala usiku, wamelia, hawajala. Kwa mama mwenye amejifungua pia, acha mtoto ajue harufu ya mama yake kwanza. Korali mara moja tu, juu tunasimama bega kwa bega na tunavuta pumzi kwa nguvu.

Na kama umeshanunua nzito, usiitupe. Ile yangu ya karameli bado iko nusu chupa, ndani ya karto yake, kwenye kabati mbali na dirisha, juu jua na joto vinaharibu parfe. Napulizia ku pamba, nangoja ikauke, naificha kati ya mashuka. Jioni nikitandika kitanda, chumba kinanukia kama mikate ya nyanya yangu, ile alikuwa anatia sukari ya vanila Jumapili.