Ukianza wadi, ipumzishe shingo yako

Sisi wanafunzi wa udaktari huogopa kuwa tuna kila ugonjwa tunaousoma. Tukifika kwenye mada ya neva, kope zinaanza kucheza. Bibi angesema kuna mgeni njiani. Mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa tatu anasema neva za misuli zinakufa. Kwa kawaida ni kulala saa nne tu kwa usiku na kahawa nyingi. Msuli unaocheza bila kupoteza nguvu hautishi. Kama unatembea kwa visigino na kufunga vifungo vya shati bila taabu, nenda kalale.

Tatizo ni kwamba dalili tunafundishwa mapema, wingi wa ugonjwa, yaani unapata watu wangapi, baadaye. Tena tunajifunzia hospitali ya rufaa, ambako wagonjwa wameshachujwa tangu zahanati. Ukikaa humo, kila kichwa kinachouma utakiona kina uvimbe.

Kinachoikoleza hofu zaidi ni vidole. Kijana mzima anaweza kuwa na tezi ya limfu shingoni (kivimbe kidogo cha kinga ya mwili), laini, chini ya sentimita 1, inayoteleza ukiigusa. Ukiipapasa mara ishirini kwa siku itauma, nawe utayahesabu maumivu hayo kuwa dalili mpya. Na kile kigumu kwenye chembe cha moyo ni ncha ya mfupa wa kidari. Kila mtu anacho.

Basi pima tezi mara moja, kwa rula. Andika tarehe, upande na ukubwa, kisha usiguse kwa siku 14. Usiwape wenzako shingo wakupapase, wala usiombe ultrasaundi ya kujuana: nafuu yake ni ya jioni moja, asubuhi unajiuliza kama mpimaji aliona vizuri. Kuwa na daktari mmoja, asiyekusahihishia mitihani. Hofu ikikunyima usingizi kwa wiki kadhaa, mwambie hiyo hofu yenyewe, si tezi tu.

Yapo yasiyongoja siku 14: tezi juu ya mtulinga, au ngumu isiyosogea, au inayokua. Kikohozi cha wiki 2, jasho la usiku, kukonda: peleka makohozi yapimwe kifua kikuu.

Sindano iliyotumika ikikuchoma, usiiweke kwenye kundi la hofu. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, toa taarifa papo hapo. Dawa za kinga ya VVU huanzwa mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72, na humezwa siku 28. Wanaochelewa mara nyingine ni wale waliokwisha kuchekwa kwa woga. Wanaona aibu kurudi na jambo jingine.