Re: OK ni kifupi cha nini?

Mkuu umeuliza kama OK ilitoka kwa wanajeshi kuhesabu "waliokufa sifuri" (kwa Kiingereza "0 killed"), hapana bana hiyo stori ya vijiweni tu. Ilianza kama utani wa magazeti kule Boston, Marekani, Machi 1839, jamaa walikuwa wanakosea spelingi makusudi, "all correct" (yaani kila kitu sawa) wakaiandika "oll korrect" ndo ikafupishwa o.k. Utani kama huo ulikuwa mwingi ukafa, huu ukabebwa na kampeni za urais za 1840 maana Rais wa Marekani Martin Van Buren alizaliwa mji wa Kinderhook, wakamuita Old Kinderhook, kifupi chake O.K. pia (uchaguzi akapigwa chini ila neno likapeta). Huku kwetu "niko okei" ni mzima wa afya, ila shemeji yako akikujibu "okei" kavu wasap, haina hata emoji, hapo ushaharibu.