Lori limewaka, limeungua au limelipuka?

Msomaji wetu wa Njiro, Arusha, yuko stoo ya kiwanda, anauliza: "Lori la mafuta lilipata moto getini kwetu, tairi mbili za tela zikaungua tukazima. Kwenye ripoti nikaandika 'lori limewaka getini', bosi karudisha anataka 'limelipuka'. Nani yuko sahihi?"

Aise, hapo hakuna mshindi. Gari likiwaka, kwetu maana yake injini imekubali, dereva wa Moshi asubuhi ya baridi akisema gari limewaka anamshukuru Mungu, haiti zimamoto. Ongeza neno moja tu, "limewaka moto", utata umeisha.

Ila bosi ndo kakosea zaidi. Kulipuka kunataka kishindo, kitu kilichobanwa kinapasuka ghafla, mfano mtungi wa gesi uliochemshwa na moto mpaka ukashindwa kuhimili. Siku hizi kila moto watu wanaita mlipuko, hata shoti ikiunguza waya mmoja utasikia nyumba imelipuka! Chukua ajali ya Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, mpaka leo wengi wanasema tu lori lililipuka, lakini lori lilipinduka, petroli ikamwagika, watu wakakimbilia kuchota, ndo moto ukawashika hapohapo na wakafa zaidi ya 100. Ukiandika "lililipuka" tu umeruka katikati yote, na ajali yenyewe iko hapo katikati.

Kushika moto ni mwanzo, kuungua ni moto umeshaharibu, kuteketea hamna cha kuokoa. Kwa hiyo "limeteketea kidogo" naomba tuliache.

Halafu hilo neno mafuta, mafuta gani, ya alizeti? Petroli mvuke wake unashika moto hata kwenye baridi chini ya sifuri, tena ni mzito kuliko hewa unatambaa chini kwa chini, wakati dizeli inataka ipashwe nyuzi hamsini na kitu kwanza. Angalia kibao cha rangi ya chungwa kwenye tanka, namba ya chini ikiwa 1203 ni petroli, 1202 dizeli, na ukipiga 114 zimamoto uwasomee hiyo namba.

Ripoti yako basi, kama lilikuwa la dizeli: "Tela la lori la dizeli lilishika moto getini, tairi mbili zimeungua, moto ulizimwa." Bosi akidai kishindo mwambie hakikuwepo.